Je, Wajua? Shimo Tupu Si Mahali pa Taka

Kila mji una dampo lake, lakini ni wachache wanaouliza nani alichagua pale mahali na alitazama nini kabla ya kuamua. Wengi hudhani kazi ni kutafuta eneo lisilo na watu, mbali kidogo na barabara kuu, kisha malori yaanze kumwaga. Kumbe taka zikishamwagwa huanza safari: hupita kwenye udongo, kwenye mto, hewani, hata kwenye mabawa ya ndege. Aliyechagua vibaya huwaachia watoto wa watoto wake visima visivyonyweka. Yafuatayo ni mambo ambayo kila mwananchi anayekunywa maji anapaswa kuyajua.

Dampo hutoa maji hata wakati wa kiangazi

Katika nchi za kipato cha chini, zaidi ya nusu ya taka za majumbani na sokoni ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, mabaki ya ugali, mboga zilizonyauka, majani. Vikirundikwa vikaoza, hutoa majimaji meusi yenye harufu kali. Mvua ikinyesha hupenya ndani ya lundo, ikachukua amonia, chumvi, kemikali za rangi na dawa, na metali za betri na vifaa vya umeme, kisha ikashuka navyo chini. Dampo lililofungwa huendelea kutoa majimaji hayo kwa miongo kadhaa. Ndiyo maana swali la kwanza la mtaalamu anayechagua eneo ni hili: majimaji haya yataelekea wapi?

Udongo mmoja hupitisha maji sentimita 3 kwa mwaka, mwingine mita 8 kwa siku

Sheria za Marekani na za Umoja wa Ulaya zinakubaliana juu ya kiwango kimoja: tabaka la udongo chini ya taka lisipitishe maji kwa kasi inayozidi sehemu moja ya bilioni ya mita kwa sekunde. Fanya hesabu ya mwaka mzima. Maji yakisukumwa na uzito wake tu, hupenya udongo wa mfinyanzi wa namna hiyo kwa sentimita 3 hivi. Msukumo huo huo kwenye mchanga wa kawaida unaweza kuyapeleka zaidi ya mita 8 kwa siku moja.

Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 1999, unataka kinga ya ardhini yenye unene wa angalau mita 1 chini ya taka za kawaida, na mita 5 chini ya taka hatari. Pale ardhi ya asili isipotosha, lazima iongezwe kwa kazi ya mikono na mashine. Marekani inataka sentimita 60 za udongo ulioshindiliwa, na juu yake utando wa plastiki. Plastiki huweza kutoboka, na hapo udongo mzuri ndio unaobaki kuwa kinga.

Uzi wa milimita 3 husema mengi

Kabla ya mashine za maabara kuingia kazini, mtaalamu wa udongo hutumia viganja vyake. Huchukua tonge dogo la udongo wenye unyevu, akaliweka juu ya kioo, akaliviringisha polepole hadi liwe uzi mwembamba. Udongo wa kichanga hukatika kabla hata uzi haujatokea. Udongo wa mfinyanzi hukubali kuvutwa hadi unene wa milimita 3 hivi. Hapo hukunjwa na kuviringishwa tena, unyevu ukipungua kila mara, mpaka uzi uanze kupasuka ukiwa na unene huo. Unyevu uliobaki wakati huo hupimwa na kuandikwa. Kipimo hiki kilibuniwa na mkemia wa Sweden, Albert Atterberg, mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo maabara za barabara na mabwawa zinakitumia. Akina mama wafinyanzi wamekuwa wakitambua udongo mzuri kwa vidole vyao tangu enzi.

Udongo mweusi wa mbuga unaweza kukudanganya

Ule udongo mweusi unaonata kwenye viatu na kuyakwamisha magari wakati wa mvua ni mfinyanzi kwelikweli. Ukilowa huvimba na kuziba. Lakini jua likiupiga kwa miezi kadhaa, hupasuka nyufa ambazo mkono mzima unaweza kuingia. Mvua ya kwanza ya msimu ikianguka juu ya dampo lililowekwa hapo bila maandalizi, majimaji hushuka moja kwa moja kupitia nyufa hizo kabla udongo haujavimba tena. Kwa hiyo haitoshi kusema "hapa kuna mfinyanzi". Lazima ushindiliwe ukiwa na unyevu unaofaa, kisha ufunikwe usikauke.

Machimbo yaliyoachwa mara nyingi ndiyo mahali pabaya zaidi

Shimo la mawe lililokwisha kazi huonekana kama zawadi. Limechimbwa tayari, hakuna anayelima pale, na watu wanataka lifukiwe. Lakini aliyechimba mawe aliondoa udongo wote wa juu, yaani ile ngozi iliyokuwa ikichuja na kuchelewesha maji. Baruti zimeupasua mwamba. Sakafu ya shimo imesogea karibu zaidi na maji ya ardhini, na pengine imeshayafikia. Dandora, dampo kuu la Nairobi lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970, lilianzia kwenye machimbo yaliyoachwa, kando kabisa ya Mto Nairobi.

Hatari nyingine ya machimbo ni gesi. Taka zinapooza bila hewa hutoa methani, ambayo huwaka na huweza kulipuka. Katika kijiji cha Loscoe nchini Uingereza, taka zilitupwa kwenye machimbo ya zamani ya udongo wa matofali. Machi 1986, mgandamizo wa hewa ulishuka ghafla usiku mmoja. Gesi iliyokuwa imebanwa ardhini ikapata nafasi ya kutoka, ikasafiri kupitia nyufa za mwamba hadi chini ya nyumba ya jirani, ikalipuka na kuibomoa. Waliokuwa ndani walijeruhiwa. Baada ya tukio hilo Uingereza iliyatazama upya madampo yaliyo karibu na makazi.

Visiwa vya matumbawe havina pa kuficha taka

Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mawe hayo yana matundu, mapango na njia za chini kwa chini, na maji ya mvua huyapita haraka bila kuchujwa. Wakazi nao hutegemea zaidi maji ya ardhini, yanayoelea kama tabaka la maji baridi juu ya maji ya chumvi. Kosa la dampo kwenye mwamba wa namna hii halina muda wa kurekebishwa, kwa kuwa maji hayangoji miaka. Hufika kisimani ndani ya kipindi kifupi. Ndiyo sababu sheria za Marekani zinawataka wenye madampo kuthibitisha uimara wa eneo lolote lenye mawe ya chokaa yanayomomonyoka chini kwa chini.

Anayepima wakati wa kiangazi hupata jibu la uongo

Kina cha maji ya ardhini hupanda na kushuka kwa majira. Kisima kinachoonyesha maji kwenye mita 9 mwezi Septemba kinaweza kuyaonyesha kwenye mita 3 baada ya masika. Mtaalamu akija mara moja, katika siku kavu, akachimba mashimo yake na kuondoka, ripoti yake itaonyesha usalama ambao haupo. Kipimo cha haki ni cha maji yalipopanda juu kabisa, na kinahitaji kuangalia visima hivyo kwa angalau mzunguko mzima wa mvua na kiangazi. Kitu cha kwanza cha kutafuta kwenye ripoti yoyote ya eneo la dampo ni tarehe za vipimo.

Kilichotupwa Nairobi kinaweza kufika Malindi

Mto Nairobi huingia kwenye Mto Athi. Athi hushuka kupitia Ukambani, ukifika Tsavo hujulikana kama Galana, na karibu na pwani huitwa Sabaki. Mdomo wake uko kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Njiani kuna wakulima wanaomwagilia, ng'ombe, tembo na viboko, na mbele kabisa kuna wavuvi na matumbawe. Dampo lililowekwa ukingoni mwa mto limewekwa kwenye mlango wa watu wote hao.

Walio karibu ndio huumia kwanza. Mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto na vijana 328 wa jirani na Dandora, wenye umri wa miaka 2 hadi 18. Nusu yao walikuwa na kiwango cha madini ya risasi katika damu kilichofikia au kuzidi kikomo kilichokubalika wakati ule. Udongo wa eneo hilo ulipopimwa, nao ulikutwa na metali nzito.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa, mabwawa na ufukwe wa bahari. Mita hizo 60 ni mwanzo tu. Mahali penye mchanga au mteremko mkali, dampo linahitaji kusogezwa mbali zaidi.

Kinamasi "kisicho na kazi" kilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka

Ardhi oevu imepata hasara kubwa kwa sababu ya kudhaniwa kuwa ardhi ya bure. Mwaka 1999 watafiti walikadiria thamani ya kinamasi cha Nakivubo, kilicho kati ya Kampala na Ziwa Victoria, kwa kazi yake ya kusafisha maji machafu ya mji. Walipata kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Mafunjo na matope yalikuwa yakifanya bila malipo kazi ambayo mtambo ungeifanya kwa gharama kubwa.

New York ilijifunza kwa kuchelewa. Mwaka 1948 ilianza kumwaga taka kwenye vinamasi vya maji ya chumvi vya Fresh Kills, Staten Island, na wananchi wakaambiwa ni kwa muda mfupi. Malori na mashua za taka ziliendelea hadi mwaka 2001. Leo eneo hilo linageuzwa kuwa bustani kubwa ya umma, kazi ya miongo mingi yenye gharama isiyo ndogo. Mombasa nayo ilimwaga taka kwa miaka mingi Kibarani, ukingoni mwa hori lenye mikoko, kabla ya eneo hilo kufungwa na kuanza kupandwa miti.

Ndege wa angani huamua umbali wa dampo na uwanja wa ndege

Wataalamu wa usafiri wa anga wamependekeza madampo yasiwekwe ndani ya kilomita 13 kutoka uwanja wa ndege. Sababu ni ndege wenye manyoya. Dampo huwavuta kwa maelfu, na wengine, kama korongo marabu anayejulikana sana Nairobi na Kampala, ni wakubwa. Marabu anaweza kufikisha kilo 8 au 9. Kiumbe wa uzito huo akiingia kwenye injini wakati chombo kinapaa, maisha ya abiria wote yamo hatarini. Mpango wa kuhamishia Ruai dampo la Nairobi ulikwama kwa pingamizi la aina hiyo, maana Ruai iko karibu na njia za ndege za uwanja wa Jomo Kenyatta.

Pwani ina pepo mbili, na dampo lazima lipimwe kwa zote

Kanuni ya kawaida husema dampo liwekwe upande ambao upepo unaelekea, ili moshi na harufu visirudi mjini. Katika pwani ya Afrika Mashariki kanuni hiyo ina mtego. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huja baadaye kutoka upande mwingine na kutawala katikati ya mwaka. Mtaa uliosalimika Januari unaweza kufunikwa na moshi Julai. Mabaharia wa majahazi walipanga safari zao kwa kuzijua pepo hizi. Wapangaji wa miji wana kila sababu ya kuzizingatia.

Ardhi inayozuia maji vizuri inaweza pia kuteleza

Huu ndio ugumu wenyewe wa kazi hii. Mfinyanzi huzuia majimaji, lakini mfinyanzi uliolowa chini ya mteremko huteleza, na taka zilizoloa ni nzito mno. Februari 2005, jabali la taka karibu na Bandung, Indonesia, lilishuka baada ya mvua kubwa na kuua zaidi ya watu 140. Machi 2017, dampo la Koshe mjini Addis Ababa liliporomoka na kuua zaidi ya watu 110. Februari 2018 ilikuwa zamu ya Hulene mjini Maputo, watu 17. Agosti 2024 likaporomoka dampo la Kiteezi karibu na Kampala, lililofunguliwa mwaka 1996, na zaidi ya watu 30 wakafa.

Mengi ya madampo haya yalianzishwa nje ya mji. Mji ukakua, ukayafikia, na masikini wakajenga chini yake kwa kuwa hapakuwa na viwanja vingine. Anayechagua eneo lazima atazame mji utakavyokuwa miaka 30 ijayo na aweke ukanda wa kinga ambao hautagawiwa viwanja.

Njia bora ya kuchagua ilianza na karatasi zinazoonyesha upande wa pili

Mwaka 1969, msanifu wa mandhari Ian McHarg, Mskoti aliyefundisha Marekani, alitoa kitabu kiitwacho *Design with Nature*. Aliieneza njia rahisi. Chora ramani ya eneo kwenye karatasi angavu, utie giza mahali penye mito. Kwenye karatasi ya pili tia giza penye udongo wenye rutuba. Ya tatu, misitu; ya nne, miteremko; ya tano, makazi na makaburi. Zipange zote juu ya meza yenye taa. Palipo na giza totoro ndipo pasipoguswa. Panapopitisha mwanga ndipo pa kuanzia kutafuta. Leo kompyuta hufanya kazi hiyo kwa picha za setilaiti, lakini wazo ni lile lile. Kwanza ondoa mahali pote panapostahili kulindwa, halafu uangalie kilichobaki.

Gabon ina taka za nyuklia za miaka karibu bilioni 2

Mwaka 1972, wanasayansi wa Ufaransa waligundua kwamba urani kutoka mgodi wa Oklo, Gabon, ilikuwa na upungufu usioelezeka. Walipofuatilia walibaini kuwa karibu miaka bilioni 2 iliyopita, maji na urani vilikutana ardhini kwa kiasi kilichotosha kuwasha mtambo wa nyuklia wa asili, uliofanya kazi kwa vipindi kwa mamia ya maelfu ya miaka. La ajabu zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya mabaki yake mazito haikwenda mbali na pale yalipozaliwa. Mwamba na mfinyanzi uliozunguka viliyashikilia. Finland, inayoandaa hifadhi ya taka za nyuklia iitwayo Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba, inatumia somo hilo hilo: makopo ya shaba yanazungukwa na mfinyanzi unaovimba ukiguswa na maji.

Wananchi wa kawaida wamewahi kulihamisha dampo kupitia mahakama

Mwaka 1988, wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilishtaki Baraza la Jiji kwa moshi na uvundo wa dampo lililokuwa mtaani kwao, wakashinda. Jiji liliendelea kuomba muda zaidi. Jaji Lugakingira alikataa, akieleza kuwa kuendelea kuwadhuru wakazi kunagusa haki ya kuishi iliyo katika Katiba. Jiji lilipogeukia Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani mwaka 1991 na kushinda, kwani mpango mkuu wa mji ulikuwa umetenga eneo lile kwa makazi. Nchini Kenya, Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Mahali pazuri huokolewa kwa kupelekewa taka chache

Eneo linalofaa ni adimu, na kila lori lisilo la lazima hulimaliza mapema. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya mzigo ni vitu vinavyooza, mboji ni sehemu ya ulinzi wa ardhi na maji. Mabwepande, Kinondoni, jijini Dar es Salaam, kuna kiwanda cha mboji kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, kinachopokea taka za sokoni. Maganda yakienda kule, dampo hupata majimaji machache, gesi kidogo na ndege wachache.

Maswali ya kwenda nayo mkutanoni

Sheria za Tanzania, Kenya na Uganda zinataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi wa aina hii, na wananchi wana nafasi ya kusema. Wewe ukiitwa, nenda, na uulize haya. Maji ya ardhini yako kina gani mwishoni mwa masika, na yalipimwa lini? Udongo uliopo una unene gani, na nani aliupima? Mvua kubwa ikinyesha, maji yatapita wapi, na nani anachota huko chini? Ni visima gani vya uchunguzi vitakavyochimbwa, na matokeo yake yatabandikwa wapi ili kila mtu ayasome? Siku dampo litakapojaa, nani atalitunza na kwa fedha gani?

Omba majibu kwa maandishi, na hakikisha yameingia kwenye muhtasari wa mkutano. Waliosaini kibali watastaafu, na wakandarasi watahama. Maji yaliyo chini ya dampo yataendelea kunywewa na wanaobaki, nao watahitaji kuonyesha kwamba kuna aliyeuliza mapema na alijibiwa nini.